Kuzamia kwa mtungi wa hewa kisiwani Mafia: naombeni ushauri kabla hatujalipia

Mwalimu_wa_Kondoa

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi na mume wangu tumepata likizo pamoja mwezi wa kwanza na tumeamua kwenda Mafia. Tutafikia Utende, siku nne. Mwenzangu ni mtu wa Ukerewe, maji hayamtishi. Mimi naogelea kidogo kwenye bwawa, nikikosa pa kukanyaga moyo unaanza kwenda mbio. Ila nafundisha jiografia, kila mwaka nachora matumbawe ubaoni na sijawahi kuyaona. Safari hii nataka niyaone kwa macho yangu.

Naombeni mnisaidie: asiyejua kuogelea vizuri anaruhusiwa kuzamia na mtungi? Nikipanda ndege masikio huniuma, huko chini itakuwaje? Na mume wangu anataka tuzamie asubuhi ya siku ya mwisho, mchana tupande ndege ya Dar na kuunganisha Dodoma. Inawezekana?

Kijana_wa_Chole

Karibuni sana dada. Kuongoza wazamiaji hapa Utende ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Naanza na swali la mwisho maana ndilo la hatari. Siku ya kuondoka msizamie, mwambie shemeji kwa upendo kabisa. Ukiwa chini, naitrojeni iliyomo kwenye hewa ya mtungi inaingia kwenye damu na nyama za mwili, na haitoki papo hapo. Ukipaa angani ikiwa bado imejaa, inatoa mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa. Viungo vinauma, mwili unakufa ganzi, wengine hupooza. Mkizamia mara moja tu, ngojeni angalau muda wa saa 12 kabla ya kupanda ndege. Mkizamia mara kadhaa au siku zinazofuatana, muda wa saa 18. Na msijidanganye kwamba kindege cha Mafia ni kidogo, bado mna ndege ya Dodoma mbele. Siku ya mwisho nendeni Kisiwa cha Chole mkaone magofu na popo wakubwa, au mpumzike.

Sasa masikio. Juu ya maji tuna mgandamizo mmoja wa hewa, ukifika mita 10 unakuwa umeongezeka mara mbili. Ndiyo maana maumivu huanza mapema sana, mita mbili au tatu tu, watu wakidhani bado hawajaanza kuzama. Dawa yake: bana pua kwa vidole viwili, funga mdomo, puliza taratibu mpaka usikie masikio yamefunguka. Fanya hivyo kabla hayajauma, na urudie kila unaposhuka kidogo. Yakikataa, usilazimishe. Mwoneshe mwongozaji sikio, pandeni mita moja, jaribu tena. Yakikataa kabisa, rudini juu, na mwongozaji anayekuharakisha hapo hakufai. Ukiwa na mafua usiingie, wala usimeze vidonge vya kuzibua pua ili upate kuzamia. Nguvu ya dawa inaweza kuisha ukiwa chini, na hewa ikakwama masikioni wakati wa kupanda. Kwa kuwa hata kwenye ndege yanakusumbua, muone daktari wa masikio kabla hujasafiri.

Kuhusu kuogelea: kozi kamili inakutaka uogelee mita 200 na uelee dakika 10. Zamio la majaribio halina mtihani huo. Mwongozaji anakushika muda wote na hamvuki mita 12. Lakini naomba sana uanzie pale maji yanapofika kifuani. Piga magoti, zoea kuvuta hewa kwa mdomo, kisha ingiza maji kidogo kwenye miwani ya kuzamia makusudi. Inua uso, bonyeza ukingo wa juu wa miwani, puliza kwa pua. Maji yatatokea chini. Ninaowaona wakishtuka, wengi hushtushwa na haya maji ya kwenye miwani. Ukilimudi hilo pale unapoweza kusimama, moyo utatulia. Na usizuie pumzi hata mara moja, hasa unapopanda, kwa sababu hewa inatanuka na mapafu yanaweza kupasuka.

Januari ni msimu wa upepo wa kaskazi, kwa hiyo boti zinatoka hadi nje ya ghuba. Wewe baki ndani ya Ghuba ya Chole. Mlango wa Kinasi, njia ya kutokea ghubani, una mkondo mkali, hasa wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, waachie wazoefu. Hata huku ndani utaona matumbawe ya kila umbo, samaki kama chewa na taa, na ukijaliwa, kasa. Usiguse wala kukanyaga kitu. Mnaingia Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, tangu 1995. Kiingilio kipo, bebeni vitambulisho mlipe bei ya raia.

Bint_Mkoani

Kaka kamaliza, naongeza la kike. Kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito, dada, usizamie. Utapewa fomu ya afya: pumu, presha, moyo, upasuaji, jaza kweli tupu hata kama wanaokusubiri wananuna. Mimi huvaa suti ndefu ya kuzamia na ushungi wa kuogelea unaobana. Miwani ikae juu ya ngozi, kitambaa kikipita chini yake maji yanaingia. Hakuna aliyewahi kunisumbua kwa hilo.

Mwalimu_wa_Kondoa

Mungu awabariki. Siku ya mwisho mume wangu amekubali tubaki nchi kavu. Je, papa potwe, wale papa wakubwa kabisa, nao tutawaona tukizamia?

Kijana_wa_Chole

Potwe hawahitaji mtungi, dada. Wako upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi karibu Machi, wanakula juu juu. Unaingia na miwani, mrija na jaketi la kuokolea. Usiwaguse, usiwazibie njia, na kaa mbali na mkia. Wekeni siku hiyo mapema, ili bahari ikichafuka mpate siku nyingine ya kujaribu.