Familia ya Chumbageni

Mama (11:40): Asalaam aleikum. Baba yenu kapimwa presha pale msikitini, 172 kwa 104. Kaniambia nisiwaambie.

Kaka Dar: Waaleikum salaam. Kwani hanywi dawa?

Mama: Hapo ndipo penyewe. Nimefungua kabati, paketi ya amlodipini ya mwezi uliopita ipo, vimetoka vidonge vinne tu.

Baba: Nimo humu humu, nawasoma.

Kaka Dar: 😂😂 Shikamoo Baba

Baba: Marahaba. Miguu ilivimba hata kiatu hakiingii, nikaacha, ikanywea. Halafu sijisikii kuumwa. Presha gani hiyo isiyouma?

Da Mwana: Shikamoo Baba. Haiumi, ndiyo ubaya wake, inakula figo na moyo kimya kimya. Miguu kuvimba ni kawaida kwa dawa hiyo. Ungesema tu, daktari angepunguza au angekubadilishia. Kwani dawa ya presha ni moja?

Shangazi Pangani: Mpeni choya na kitunguu saumu, jirani yangu kapona kabisa.

Da Mwana: Choya anywe Shangazi, bila sukari. Vidonge havisimami. Mama, kapimwaje?

Mama: Katoka juani, kasimama, kifaa juu ya mkono wa kanzu.

Da Mwana: Mmh. Jioni arudie. Akojoe kwanza, akae dakika 5 ameegemea, asikunje nne, mkono mtupu mezani usawa wa moyo. Mara mbili. Kahawa iwe imepita nusu saa. Na asiongee!

Kaka Dar: Hapo kwenye kutoongea 😂

Mama (20:15): Mashine ya jirani. 164 kwa 98, ya pili 162 kwa 98.

Da Mwana: Bado juu, hata 140 kwa 90 tayari ni presha. Kesho kliniki. Baba, kuna dawa nyingine unakunywa?

Baba: Diklofenaki, ya mgongo. Kila siku.

Da Mwana: Yallah! Hiyo nayo inapandisha. Kamwambie daktari. Na usiku huu kifua kikibana, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, msingoje asubuhi.

Shangazi Pangani: Na ile ng'onda niliyowaletea?

Da Mwana: Chumvi kwa siku isifike gramu 5, Shangazi, kijiko cha chai hicho, na mchuzi umo.

Baba: Ng'onda yangu isiguswe.

Mama: Nishampa jirani, kwa ajili ya mashine. Paketi ya vidonge ipo kwenye pochi yangu, asije akasema kaisahau.

Baba: Yote??