Mjadala: Sekondari ya kisiwani Japani, ifungwe au ilindwe?

Wadau, habari zenu. Mada yangu inatoka visiwa vya Oki, mkoa wa Shimane, Japani. Katika mji mdogo wa Ama kuna sekondari ya serikali, Oki Dozen, inayotegemewa na visiwa vitatu. Kutoka bara ni mwendo wa saa tatu hivi kwa feri. Kufikia 2008 wanafunzi walikuwa chini ya 100, na habari za kufungwa zikaanza. Ikifungwa, mtoto wa miaka 15 anahamia bara. Mzazi analipia bweni na nauli, na wengine wanaona heri wahame familia nzima.

Wenyeji wakaipigania. Mwaka 2010 wakaanza kupokea watoto kutoka Tokyo, Osaka na kwingineko, na kikafunguliwa kituo cha kujisomea baada ya vipindi. Mgeni hupewa "mzazi wa kisiwani", mwenyeji wa kumkaribisha nyumbani. Wanafunzi wakapita 150. Mimi nasema shule kama hii ilindwe, hata kwa kodi ya watu wa bara. Mnasemaje?

Mchangiaji: Mleta mada, nakupinga. Watoto wanapungua Japani nzima. Anayetoka Tokyo kwenda Ama hajaongezeka, amehamishwa tu, na akihitimu anaondoka. Kila kisiwa kikifanya hivyo watagombania watoto walewale. Bora pesa hiyo iwalipie bweni watoto wa visiwani wakasome bara.

Mleta mada: Hapo kwenye kugombania watoto umenigusa, maana shule nyingi za vijijini zimeshaiga. Ila la bweni nalikataa kabisa. Bweni linampeleka mtoto, halimrudishi.

Tazama gati la Hishiura, bandari ya Ama, mwezi Machi. Mhitimu aliyetoka Tokyo yuko juu ya feri ameshika utepe wa karatasi, ncha ya pili anayo mama yake wa kisiwani aliyekuwa akimpakulia wali na samaki. Feri inasogea, utepe unanyooka, unakatika. Hata huyo wa Tokyo anaondoka akijua mlango wa kubisha siku akirudi. Mtoto wa kisiwani ukimtoa akiwa na miaka 15, miaka ya kuijua kazi ya baba yake melini au shambani kwa akili ya mtu mzima anaimalizia ugenini. Nijibu ndugu yangu: huyo atarudi kufuata nini?