Mjadala: Bei za vyakula na vinywaji kwenye milima ya skii Ulaya ziwekewe kikomo, au soko liachwe?

Mleta mada

Wakuu, kila majira ya baridi yakikaribia inasambaa ile ripoti ya Post Office ya Uingereza inayopanga vituo vya skii (mchezo wa kuteleza kwenye theluji) vya Ulaya kwa unafuu, na mara nyingi Bansko ya Bulgaria inakaa juu kabisa. Wanaoandaa safari za makundi wanaibeba kama ilivyo. Tatizo ni kwamba kapu lake linachanganya tiketi ya siku sita ya lifti (mitambo ya kupandisha watu mlimani), kukodi skii na viatu, mafunzo, na mlo wa mchana. Tiketi rahisi inaweza kuficha supu ghali.

Ukitaka kulinganisha vinywaji na chakula peke yake, anza na ujazo. Ufaransa ukiagiza bia bila kutaja kipimo unaletewa demi, yaani sentilita 25. Austria watu huagiza nusu lita, au 0.3 kwa wasiotaka nyingi. Italia media, yaani bia ya kipimo cha kati, ni lita 0.4. Sasa chukua demi ya yuro 5 na nusu lita ya Austria ya yuro 6.50. Kwenye jedwali, bia ya Austria ndiyo inaonekana ghali, kumbe ni yuro 13 kwa lita dhidi ya yuro 20. Badili kila kitu kiwe bei ya lita kwanza, sarafu baadaye. Halafu andika kimo cha mgahawa, maana kijiji cha mita 1,200 na kibanda cha mita 2,800 si soko moja. Andika pia kama unahudumiwa mezani au unabeba trei mwenyewe, na kama kuna coperto, ile ada ya kukaa mezani ya Waitalia.

Ukifanya hivyo ndipo picha inapokuja. Juu mlimani Austria supu ya gulashi inacheza kwenye yuro 8 hadi 10. Sahani ya tambi upande wa Uswisi ni faranga 20 hadi 28, na faranga moja sasa inazidi yuro moja. Baga na chipsi kwenye vituo vikubwa vya Ufaransa ni yuro 20 hadi 25.

Hoja yangu ni hii: mgahawa unaofikika kwa lifti tu una mteja asiye na pa kwenda. Halmashauri inayotoa ardhi au kibali iandike kwenye mkataba bei kikomo ya vitu vinne: maji nusu lita, chai, supu, na sahani moja ya tambi au viazi. Vingine wauze watakavyo. Sisi Tanzania tumezoea EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kutangaza bei kikomo ya petroli kila mwezi. Sioni kwa nini bakuli la supu kwa mtoto anayetetemeka lishindikane.

Sufuria

Nakupinga, na nitataja vitu vyenyewe. Mzigo unapanda alfajiri kwa magari ya nyaya kabla abiria hawajaanza, au jioni kwa mashine ya kusawazisha theluji baada ya njia kufungwa. Takataka zinashuka kwa njia hiyo hiyo. Bomba la maji lazima lipite ardhini chini ya kina cha barafu au lifungwe waya wa joto, na maji taka yana bomba lake au tangi la kunyonywa.

Jikoni ndiyo kabisa. Kwenye mita 3,000 maji yanachemka kwa takriban nyuzi 90, kwa hiyo tambi zinachukua muda mrefu na moto mwingi. Ndiyo maana zinachemshwa nusu asubuhi, zinapozwa, na mteja akiagiza zinamaliziwa. Gesi lazima iwe propeni, kwa sababu buteni ikifika sifuri haitoi mvuke tena na jiko linazimika katikati ya saa ya kazi. Saa yenyewe ya kazi ni fupi: tano na nusu hadi nane na nusu mchana, basi.

Fanya hesabu ya mfano. Pango na mkopo yuro 240,000 kwa mwaka, msimu siku 120, wateja 160 kwa siku. Kila mteja anabeba yuro 12.50 kabla hujanunua hata kitunguu. Upepo ukifunga lifti siku 20, mzigo unapanda hadi yuro 15, na wafanyakazi wa siku hizo unawalipa vilevile. Ukiniwekea kikomo cha supu, nitafidia kwenye baga, au nitafunga Machi.

Daftari

Hesabu ya Sufuria ni sahihi, ila tuangalie imebeba nini. Usafirishaji si mkubwa kama watu wanavyodhani. Tuseme safari moja ya mashine inagharimu yuro 300 na inabeba tani moja: senti 30 kwa kilo, yaani senti 15 kwa chupa ya nusu lita. Chupa hiyo ikiuzwa yuro 3 zaidi ya bei ya kijijini, tofauti haikuletwa na mashine.

Kodi nayo tuiondoe mapema. VAT ya mgahawa Uswisi ni asilimia 8.1 tangu Januari 2024. Ufaransa ni 10 kwa chakula na 20 kwa pombe. Bulgaria ilirudisha asilimia 20 kutoka 9 tarehe 1 Januari 2025, na bado Bansko ni rahisi. Nchi yenye kodi ndogo kati ya hizo ndiyo ghali kuliko zote. Kinachobaki ni mishahara na pango. Mfanyakazi wa mgahawa Uswisi asiye na cheti analipwa zaidi ya faranga 3,600 kwa mwezi kwa mkataba wa kitaifa wa sekta. Kima cha chini Bulgaria ni yuro 620 mwaka 2026. Mshahara huo hakuna anayetaka ukatwe, mimi wa kwanza kuupinga. Pango ndilo la kujadili.

Na mnaolinganisha miaka, angalieni sarafu. Kabla ya tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilikuwa inazuia yuro isishuke chini ya faranga 1.20. Sahani ya faranga 24 ilikuwa yuro 20. Leo faranga 24 zile zile ni zaidi ya yuro 25, na mpishi hajapandisha hata senti. Bei za zamani za Bulgaria gawanyeni kwa 1.95583, ndicho kiwango ambacho lev ilibadilishwa nchi ilipoingia kwenye yuro mwanzoni mwa 2026.

Mpakani

Kipimo bora cha mjadala huu kiko pale mstari wa mpaka unapopita juu ya theluji. Zermatt ya Uswisi na Cervinia ya Italia wanakutana Testa Grigia, karibu mita 3,480. Kimo kile kile, upepo ule ule, propeni ile ile. Mtu anateremka upande wa Italia anakula tambi na kahawa kwa bei ambayo upande wa Uswisi ingemtosha kwa supu tu. Mpakani mwa Ufaransa na Italia, La Rosière na La Thuile, Montgenèvre na Claviere, wanashangaa hivyo hivyo: espresso ya Italia inabaki kinywaji cha kila mtu hata mlimani. Kama gharama ya mlima ndiyo ingekuwa sababu kuu, mpaka usingeonekana kwenye risiti.

Kwa hiyo msimamo wangu: ushindani unafanya kazi kuliko kikomo, pale ambapo mteja anaweza kuvuka. Ila mpange vizuri. Zermatt unahitaji tiketi ya kimataifa, ile ya upande mmoja haivuki. Anza kurudi mapema, kwa sababu upepo ukifunga lifti ya juu utabaki Italia na teksi ya kuzunguka ni saa kadhaa na bei yake inafuta akiba ya wiki nzima. Angalia ubao wa lifti kabla hujaagiza, si baada ya kulipa.

Livigno ya Italia na Samnaun ya Uswisi nazo msizipange pamoja na wengine bila maelezo. Ni maeneo yasiyo na ushuru wa kawaida, kwa hiyo pombe kali ni rahisi dukani, lakini sahani ya mgahawani haishuki kwa kiasi hicho. Na kutoka Samnaun kurudi Ischgl, Austria, kwa skii unaingia Umoja wa Ulaya: forodha wanasimama pale, na kiwango ni lita moja ya pombe kali kwa mtu mzima.

Sufuria

Mpakani, umeruka kitu. Italia haina kima cha chini cha mshahara kisheria, na vibanda vingi upande ule ni vya familia, mama jikoni na watoto mezani. Hiyo bei nafuu kuna mtu anailipa kwa saa zake.

Mpakani

Hilo nalikubali kwa vibanda vya familia. Migahawa mikubwa ya kujihudumia iliyo kwenye vituo vya lifti inaajiri kama wengine, na bado iko chini ya jirani yake wa Uswisi.

Termosi

Nyote mnazungumza kama vile kikomo ni jambo geni. Kipo tayari, kidogo kidogo. Austria sheria inamtaka anayeuza pombe awe na angalau vinywaji viwili baridi visivyo na kileo ambavyo havizidi bei ya kileo baridi cha bei ya chini kabisa, na ulinganisho unafanywa kwa lita. Ujerumani wanadai kimoja. Sababu ni vijana: bia isiwe rahisi kuliko juisi. Ufaransa jagi la maji ya bomba ni bure kwa anayekula, na tangu 2022 mgahawa lazima uandike hivyo kwenye menyu au ukutani. Austria maji ya bomba wanaweza kukutoza, kwa hiyo uliza kwanza. Tena Austria kuna Skiwasser, sharubati ya rasiberi na limau kwenye maji, ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kwenye orodha nzima. Familia nyingi hazijui.

Lakini linaloniuma zaidi ni chumba. Ufaransa vituo vingi vina salle hors sac, chumba chenye joto, meza na choo, ambapo unakula ulichobeba bila kununua. Vibanda vingi vya Austria vinakataza chakula cha kutoka nje, na familia yenye watoto watatu inakula imesimama kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Badala ya kupigania senti za supu, halmashauri ijenge chumba kimoja kwa kila kituo cha katikati, chenye bomba la maji ya kunywa. Mgahawa ukijua mteja ana pa kukaa, bei itajirekebisha yenyewe.

Kwa wanaobeba: chai kwenye chupa ya chuma, isuuze kwa maji ya moto kwanza. Maji weka ndani ya koti, si mfuko wa nje wa begi. Ukitumia mfuko wenye mrija, kila ukinywa puliza maji yarudi ndani, la sivyo mrija unaganda ndani ya safari mbili za lifti. Chapati za samli zinakakamaa. Zifunge kwenye foili na uziweke karibu na mwili, au beba maandazi na mayai ya kuchemsha.

Mleta mada

Nimewasoma. Naacha sahani ya tambi, hesabu ya Sufuria imenishawishi kwamba huko ndiko anapolipia pango. Maji ya bomba bure na chumba cha Termosi nayachukua. Supu na chai siachi.

Daftari

Basi uandike vizuri, kwa sababu kikomo kinavunjwa kwa kijiko. Ukisema "supu" tu utaletewa bakuli la mililita 200 bila mkate. Andika mililita 350, kipande cha mkate ndani ya bei, ipatikane saa zote jiko liko wazi, na ubao wa bei uwe chini kwenye lango la lifti, mahali ambapo mtu bado ana uchaguzi. Bei ipitiwe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei. Na mwenye eneo atoe kitu: siku lifti imefungwa kwa upepo, pango la siku hiyo lisilipwe. Ufaransa hili linawezekana kirahisi zaidi, kwa sababu tangu Sheria ya Milima ya 1985 lifti ni huduma ya umma chini ya halmashauri, na mgahawa ukiwa kwenye ardhi yao mkataba wanauandika wao. Penye kampuni moja yenye lifti na migahawa pamoja, kikomo cha supu kitahamia kwenye tiketi, na hapo sioni dawa.

Sufuria

Ukinipa hicho kifungu cha upepo, supu ya mililita 350 kwa bei yenu naiweka. Ila iandikwe lifti *ipi*. Vibanda vingi vinafikika kwa lifti mbili, ya chini inatembea na ya juu imefungwa, na mwenye eneo atasema mlima uko wazi. Rekodi za kampuni ya lifti zinaonyesha saa kwa saa. Zitajwe kwenye mkataba kuwa ndizo ushahidi.

Termosi

Na chumba kisafishwe na nani? Swali hilo likiachwa bila jibu, ifikapo Februari chumba kitakuwa stoo ya mgahawa.