Sintesaiza ya besi inalia nikiachia kibodi, na noti zake zimepinda: kosa liko wapi?

Besi_Ntinda:
Wakuu, naomba msaada wenu. Hapa Ntinda, Kampala, tunarekodi kikundi cha adungu (kinubi cha Uganda), nami nimekabidhiwa kazi ya kuweka besi nzito chini ya ile adungu kubwa, kwa sintesaiza ya analogi yenye soketi mbili nyuma: moja ya volti ya kudhibiti noti, nyingine ya geti, yaani ishara ya kuiambia noti ianze na ikome. Naiendesha kwa kibodi ndogo iliyokwisha kutumika, ambayo haikuja na kitabu cha maelekezo. Sintesaiza hulia muda wote ambao sijagusa kitu, na hunyamaza ninapobonyeza. Tena, nikipanda kutoka do hadi do ya juu yake nafika sawasawa, lakini noti za katikati zimepinda, na do inayofuata inaruka mbali mno. Kwa multimita, kwenye do tatu zinazofuatana nimepata volti 1.00, kisha 2.00, kisha 4.00. Adungu hutegwa kwa sikio, na wapigaji wake hawavumilii besi iliyopinda hata kidogo. Je, sintesaiza imekufa?

Fundi_Jinja:
Ndugu, sintesaiza yako ni nzima, na vipimo vyako vitatu vimekwisha kutoa jibu. Kuna mifumo miwili ya volti ya noti. Katika mfumo wa kwanza, uliotumiwa na Moog na Roland, kila oktavi (kutoka do hadi do ya juu yake) huongeza volti moja, kwa hiyo do zako zingesoma 1, 2 na 3, na kila nusu-toni, yaani moja ya hatua kumi na mbili za oktavi, ingekuwa takriban volti 0.083. Katika mfumo wa pili, ambao Korg waliutumia kwenye MS-20 ya mwaka 1978, volti huongezeka maradufu kwa kila oktavi: 1, 2, 4, 8. Kibodi yako inazungumza lugha ya pili ilhali sintesaiza inasikiliza ya kwanza. Ndiyo maana oktavi ya kwanza inafika salama, kwa kuwa kutoka 1 hadi 2 ni volti moja katika mifumo yote miwili. Lakini njiani nusu-toni ya kwanza inapata volti 0.059 tu, ya mwisho inapata 0.112, na do ya tatu inapanda oktavi mbili kwa mkupuo.

Geti nayo ina kisa kama hicho. Sintesaiza yako inangoja volti ipande ndipo ilie, lakini kibodi hukaa na volti wakati wa mapumziko na kuishusha hadi sifuri unapobonyeza. Tafuta mipangilio ya vyote viwili kwenye kibodi, ukikagua kila kimoja peke yake, maana Moog wa zamani walitumia volti moja kwa oktavi pamoja na triga ya kushusha, yaani geti inayoanzisha noti kwa kushuka hadi sifuri.

Besi_Ntinda:
Nashukuru sana. Mpangilio wa noti nimeupata, ila wa geti haumo kabisa.

Fundi_Jinja:
Basi igeuze kwa transista moja ya BC547 (swichi ndogo ya kielektroniki yenye miguu mitatu: besi, emita na kolekta), ambayo maduka ya vipuri vya redio hapa Uganda huwa nayo. Geti ya kibodi iingie kwenye mguu wa besi wa transista (si besi ya muziki) kupitia rezista ya kilo-omu 100. Emita iende ardhini, yaani kwenye waya wa volti sifuri. Kolekta ivutwe juu hadi volti 5 kwa rezista ya kilo-omu 10, na hapo kwenye kolekta ndipo uchukue geti mpya. Ardhi ya kibodi, ya transista na ya sintesaiza lazima ziungane, la sivyo hutapata kitu cha kuaminika.

Besi_Ntinda:
Nimelehemu jana usiku, na geti sasa inatii kidole. Limebaki moja: nimegawanya volti ya noti kwa kebo ya matawi mawili ili iendeshe na sintesaiza ya pili, na besi inashuka kidogo kadiri ninavyopanda. Pale panapotakiwa volti 3.00 nasoma 2.94.

Sauti_ya_Arua:
Kwanza viache vyombo vipate joto nusu saa kabla ya kutega, na umeme ukikatika uanze upya, kwa sababu osileta za analogi, yaani saketi zinazozalisha sauti, huyumba zikiwa baridi. Lakini upungufu huo wa volti unatokana na kebo. Ikiwa tokeo la kibodi lina kilo-omu 1 na kila sintesaiza inavuta kwa kilo-omu 100, zikiwa mbili zinakula karibu asilimia 2, yaani robo ya nusu-toni kwa kila oktavi, na hilo linalingana kabisa na kipimo chako. Kila tawi lipewe opampu yake (saketi ndogo ya kikuza-ishara) iliyofungwa kama mfuasi wa volti, yaani inayotoa volti ileile inayoingia bila kuielemea kibodi. TL072 moja ina opampu mbili ndani, na betri mbili za volti 9 zinatosha kuilisha. Geti unaweza kuigawanya kwa kebo tu, kwa kuwa yenyewe inahitaji kuvuka kiwango fulani, si kufika kwenye namba kamili.

Besi_Ntinda:
TL072 imefungwa. Nasoma 1.00, 2.00 na 3.00 kwenye matawi yote mawili, na mpigaji wa adungu kubwa ameomba turekodi leo jioni.