Nimebakiza miezi 14 nistaafu, wenzangu wanataka tugomee kikokotoo. Nisaini au nisisaini?

Chaki ya Mwisho
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijijini huku Kanda ya Ziwa. Niliajiriwa 1996, na mwakani mwezi wa kumi natimiza miaka 60.

Ijumaa imezunguka karatasi ofisini. Inasema kuanzia Jumatatu tunaripoti, tunasaini daftari la mahudhurio, lakini darasani haingii mtu mpaka kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu, kirudi asilimia 50 na madeni ya walimu yalipwe: malimbikizo ya kupanda daraja, fedha za likizo, za uhamisho. Tuko walimu 11, wamesaini 9. Mwalimu mkuu hajui, au anajifanya hajui.

Tangu siku hiyo usingizi hauji. Nikisaini naweza kuharibu miaka 30 dakika za mwisho. Nisiposaini, nitawatazama vipi wenzangu? Naomba ushauri wa anayejua sheria au aliyepitia. Msinitukane tafadhali.

Sheria Mkononi
Mwalimu, karatasi ya ofisini siyo mgomo. Haki ya kugoma imo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, lakini ina mlolongo wake: mgogoro upelekwe kwenye usuluhishi, ushindikane, chama kipige kura, mwajiri apewe notisi. Mwaka 2012 Chama cha Walimu Tanzania, CWT, walipiga kura, wakatoa notisi, wakaanza mgomo tarehe 30 Julai, na bado Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikausimamisha ndani ya wiki hiyo hiyo. Chama kizima kilizuiwa, sembuse nyinyi tisa?

Mama Furaha
Pole mwalimu. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu pia, alistaafu kwa ile asilimia 50. Hela ilipoingia akanunua Noah ya abiria. Dereva wa kwanza akaua injini, wa pili akatoroka na hesabu ya mwezi mzima. Miaka miwili haikufika, hela yote imekwisha, tumebaki na ile ya kila mwezi. Ndiyo iliyomtibu mpaka alipofariki. Nasema yaliyonipata mimi, wengine mtasema yenu.

Mzee wa Bao
Darasa la saba lao lina mtihani mwezi ujao. Hao watoto wamewakosea nini? Kikokotoo hawakukitunga wao. Mwalimu wangu wa 1974 alikuwa anakuja na baiskeli kilomita 14, mvua ikinyesha anavua viatu, anatembea. Hakugoma hata siku moja.

BintiSinza
Mzee wa Bao, na huyo mwalimu wako alizikwa na nini? Muulize mwanawe kama alisomeshwa na ile baiskeli.

Kokotoa
Tuache hisia kidogo. Mleta mada, mshahara wako ni kiasi gani? Nikupigie hesabu ujue unagombania nini.

Chaki ya Mwisho
Weka 1,160,000.

Kokotoa
Haya. Miaka 30 ni miezi 360. Zidisha kwa mshahara wa mwaka, 13,920,000, gawanya kwa 580. Unapata 8,640,000, hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake mara 12.5 ndio mkupuo wako, ile hela ya mara moja: 43,200,000. Asilimia 60 iliyobaki gawa kwa 12: unalipwa 432,000 kila mwezi.

Kwa kikokotoo cha PSPF ya zamani, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ungegawanya kwa 540, ukachukua nusu, mara 15.5. Mkupuo 71,920,000, na kila mwezi 386,667 hivi. Kwa ile asilimia 33 ya Julai 2022 mkupuo ungekuwa 35,640,000, kwa hiyo bajeti ya 2024 imekusogeza kidogo.

Sasa angalia. Kwenye mkupuo umepungukiwa 28,720,000. Kila mwezi umeongezewa kama 45,000. Ili hiyo nyongeza ifidie pengo unatakiwa uishi karibu miaka 53 baada ya kustaafu.

BintiSinza
Miaka 53! Mwalimu wa watu afike 113.

Jirani wa Busia
Salamu kutoka Kenya, walimu wenzangu. Sisi 2015 tuligoma wiki tano. Korti ilikuwa imetupa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikasema hakuna pesa, na mshahara wa Septemba haukuingia kabisa. Mwishowe Korti ya Rufaa ikafuta ile nyongeza. Mwezi huo tuliuza mbuzi wa mama mkwe ndiyo tulipe nyumba. Halafu Januari 2021 wakatuletea mpango mpya wa pensheni, tukaanza kukatwa asilimia 2, mwaka wa pili 5, wa tatu 7.5, nao wanaweka 15. Bado vyama vyetu vya walimu, KNUT na KUPPET, naamini wana kazi. Lakini kugoma kwa shule moja, bila chama? Ni kujianika tu.

Nyundo
Mleta mada, nimesoma mara mbili. Walimu 11, wamesaini 9. Wewe hujasaini, mwalimu mkuu hajui. Sawa, hesabu imefika 11. Sasa jibu: hiyo karatasi ameandika nani?

Chaki ya Mwisho
Mkuu, aliyeandika si hoja. Hoja ni kwamba madai ni ya kweli. Kokotoa ameshayathibitisha hapo juu.

Nyundo
Sijauliza kama ni ya kweli. Nimeuliza mwandiko wa nani.

Chaki ya Mwisho
Ni wangu.

Niliandika Alhamisi usiku. Ijumaa nikaiweka mezani chini ya boksi la chaki, nikatoka kwenda darasani. Niliporudi ilikuwa na majina matano. Sijaweka la kwangu. Nilipanga niliweke la mwisho.

Kabla hamjanirukia: mwaka 2012 mimi nilikaa nje ya darasa siku zote mpaka mahakama iliposema turudi, na tuliodai posho ya kufundishia hatujaiona mpaka leo. Miaka 30 nimeandika azimio la kazi na andalio la somo bila kukosa. Siku hizi ni PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wetu, nasaka mtandao juu ya kichuguu ili nijaze. Nani mwenye haki ya kusema kama si mimi?

Nyundo
Haki unayo. Kwa nini jina lako halipo?

Kokotoa
Na mimi naomba kujua, ule mkupuo umeshaupangia matumizi?

Chaki ya Mwisho
Mnanichimba sana. Sawa.

Nilianza kujenga 2019. Desemba 2018 Rais Magufuli alisitisha kikokotoo kipya, akasema cha zamani kiendelee. Nikapiga hesabu zangu kwa asilimia 50, nikakopa benki, nikakopa na kwa mtu binafsi. Nyumba imeishia kwenye lenta. Kadi yangu ya benki anayo yule mtu, mshahara ukiingia anakata kwanza yeye. Nimemwahidi kumalizana naye mkupuo ukitoka. Mke wangu anajua la benki tu.

Kokotoa
Alisema kiendelee hadi 2023, mwalimu. Wewe unastaafu 2026. Na hesabu unafundisha wewe.

Chaki ya Mwisho
Nilijua. Nilidhani wakishasitisha mara moja hawatathubutu kurudisha.

Haambiliki
Wakuu, hii ni chai. Mshahara 1,160,000, miezi 360 kamili, unagawanya kwa 580 inatoka 8,640,000 bila hata chenji? Nani kwenye nchi hii ana pensheni isiyo na senti? Huyu katengeneza namba kwanza, kisha akatengeneza mwalimu. Na kama siyo chai ni kitengo cha usalama: wanaleta uzi, walimu wanafunguka, "hata shuleni kwetu tumesaini," Jumatatu wanafuatwa. Mtu asitaje shule humu.

BintiSinza
Mmh. Hata mimi "chini ya boksi la chaki" imenitia shaka.

Mzee wa Bao
Nilijua tangu mwanzo. Kijana wa mjini huyu.

Mama Furaha
Na kama ni kweli je? Mtu ana kadi yake mikononi mwa mkopeshaji, nyinyi mnamhesabia senti. Ninamjua mwalimu wa namna hiyo. Ninamjua vizuri sana, nililala naye kitanda kimoja.

Sheria Mkononi
Haambiliki ana hoja kwenye jambo moja: msitaje shule wala majina. Mengine sina ushahidi nayo.

Chaki ya Mwisho
Nimezungusha mshahara makusudi ili nisitambulike. Nilichagua namba inayogawanyika kwa 580 kwa sababu nimefundisha migawanyo miaka 30, mkono umezoea kumpa mwanafunzi swali lisilobakiza. Anayeona ni chai aache, sitambembeleza.

Nyundo
Mimi nakuamini, ndiyo maana nakuuliza la mwisho. Katika hao tisa, kuna wangapi walio kwenye matazamio?

Chaki ya Mwisho
Wawili. Mmoja kaajiriwa mwaka huu, ananiita baba. Kasaini wa kwanza.

Ni watu wazima, Nyundo. Sikuwashika mkono.

Nyundo
Wa matazamio anaondolewa kirahisi kuliko wewe na mimi. Kasaini kwa kuutambua mwandiko wako.

Sheria Mkononi
Mwalimu, madai yenu yaandikeni kama madai. Barua kwa chama, wilaya hadi mkoa, kila mtu na kiasi anachodai na viambatisho vyake. Sentensi ya "darasani haingii mtu" iondoke. Mnakatwa asilimia 2 kila mwezi kwa ajili ya nini kama hamkitumii chama?

Jirani wa Busia
Na ya kadi, mwambie mama watoto leo. Usingoje.

Chaki ya Mwisho
Nimerudi. Jumapili hii, saa nne usiku.

Mke wangu nimemwambia. Hajasema neno, ameenda kulala chumba cha watoto.

Jioni nilikwenda kwa yule kijana na karatasi mfukoni. Nikamwambia nakata jina lako hapa hapa unaona, na lile la mwenzako. Akanizuia mkono. Akasema, "Baba, wewe umebakiza miezi 14. Mimi nina zaidi ya miaka 30 mbele na hicho kikokotoo. Ukikata langu, andika kwanza lako." Tumekaa mpaka giza limeingia. Mwisho tumekubaliana tuandike upya kama alivyosema Sheria Mkononi, madai tu, hakuna kugoma, na jina la kwanza ni langu. Yeye kasisitiza awe wa pili. Ile ya zamani tumeichoma jikoni kwake.

Wengine saba sijui watasemaje asubuhi. Wapo watakaoniita msaliti.

Haambiliki
Umeichoma? Kwa hiyo ushahidi wa uzi wote huu ndio umeungua hivyo?

Mama Furaha
Haambiliki, nenda kalale. Mwalimu, kesho una kipindi?

Chaki ya Mwisho
Cha kwanza, darasa la saba. Tunarudia sehemu na asilimia.