Profesa wa kwanza wa mifugo hakuwa na digrii ya mifugo, sisi tunang'ang'ania GPA ya nini?

Wadau nauliza kwa nia njema. Shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo ilianzishwa Lyon, Ufaransa, 1761, na mwanzilishi Claude Bourgelat alikuwa mtu wa farasi tu, anaendesha chuo cha kufundisha watu kupanda farasi, anatomia (elimu ya viungo vya mwili) kaipata kwa kukaa na madaktari wapasuaji wa mjini pale. Leo vyuo vyetu huwezi kufundisha bila masters na GPA ya kutisha. Juzi huku Kitunda ng'ombe wa jirani kakwama kuzaa, kaja kijana wa digrii, glavu mpaka begani, anavuta mguu ndama haji. Akaitwa mzee bwana mifugo mstaafu, ana cheti tu, akapaka sabuni mkono, akamsukuma ndama arudi ndani kwanza, akalikunjua goti lililojikunja huku kwato kaifunika kwa kiganja isichane kizazi, ndo akavuta. Huyu kwa nini asifundishe prakitikali?

MdauPugu: Mkuu umetupa nusu ya stori. Bourgelat huyohuyo kufundisha anatomia alimpa Honoré Fragonard, mpasuaji aliyesomea. Na moja ya sababu za kufungua shule ni ugonjwa wa sotoka ulikuwa unafyeka ng'ombe Ulaya, sasa sotoka utaitoa kwa sabuni? Imetokomezwa kwa chanjo, ile ya Walter Plowright aliyoitengenezea Muguga hapo Kenya ilifanya kazi kubwa, 2011 ikatangazwa imekwisha duniani. Hiyo ni maabara kaka, sio uzoefu wa zizini.

Mama Ndama: Mnamwonea kijana bure. Miaka mitano chuoni unadhani kapewa ng'ombe wangapi azalishe kwa mkono wake? Mie mfugaji, nikiita mtu usiku simuulizi cheti, namuuliza umeshawahi?

Mleta mada: Chanjo sibishi. Ila Fragonard naye alisomea kupasua binadamu, hakuwa na digrii ya mifugo, kachukuliwa kwa sababu kazi anaijua, hapo ndo umenisaidia hoja yangu. Nadharia wabaki nayo maprofesa, prakitikali aje mzee na alipwe hela ya maana sio posho ya soda.

MdauPugu: Na matokeo ya mwanafunzi anasaini nani?

Mleta mada: Asaini profesa. Mzee aseme tu huyu kaweza, huyu arudie.