Katuni kuhusu kambi za Wajapani: kipi kinamfaa mtoto wa miaka 9?

MamaNuru: Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu ana miaka 9, tunaishi Vancouver. Anataka kitabu cha katuni kuhusu familia za Wajapani zilizofungiwa kambini na serikali za Kanada na Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nimebakiza viwili: Stealing Home cha J. Torres na David Namisato, na They Called Us Enemy cha George Takei. Nichukue kipi?

Kaka_Rashidi: Stealing Home, dada, wala usijiulize. Kisa ni cha hapo hapo kwenu: Sandy, mtoto mpenda besiboli, shabiki wa Asahi, timu ya Wajapani wa Vancouver. Vita vinaingia, familia inahamishiwa kambini, baba yake daktari anatengwa nao. Yote unayaona kwa macho ya mtoto.

mwl_Chuma: Mimi napingana na Rashidi. Kitabu cha Takei kina uzito zaidi. Amri namba 9066 ya Rais Roosevelt, Februari 1942, iliwang'oa watu kama 120,000 huko Marekani, thuluthi mbili yao raia! Na bado utotoni mwa Takei, anaousimulia humo, kuna vichekesho. Baba anawaambia watoto wanakwenda likizo, kumbe kwanza wamelazwa kwenye zizi la farasi, uwanja wa mbio wa Santa Anita. Mama naye kapenyeza cherehani ndani ya mzigo. Mtoto atacheka, wewe unayesoma pembeni ndiye utakayeumia.

MamaNuru: Likizo zizini? Jamani!

Shangazi_Tanga: Mwalimu, hapo kwenye dodoso la utiifu kwa Marekani (fomu ya maswali waliyopewa watu wa kambini) mtoto wa miaka 9 utampoteza. Hicho kisubiri afike 12, pamoja na Displacement cha Kiku Hughes. MamaNuru, anza na cha Sandy, ila ya Kanada mweleze mwenyewe: watu kama 22,000 walihamishwa, nyumba na mashua zao serikali ikaziuza bila ridhaa yao. Vita viliisha 1945, lakini ruhusa ya kurudi pwani ilikuja Aprili 1949. Wewe jisomee Citizen 13660 cha Miné Okubo, cha 1946. Kamera zilikatazwa kambini, akachora: watu wanajaza majani makavu kwenye magunia wapate magodoro.

mwl_Chuma: Shangazi, kurasa za dodoso si anaziruka tu?

Shangazi_Tanga: Baba mtu anajibu "hapana" mara mbili, familia inapelekwa Tule Lake, kambi ya walioonekana si watiifu. Ukiziruka, mtoto atakuuliza mbona wamehamishwa tena.

MamaNuru: Basi nachukua cha Sandy. Cha Takei nakificha juu ya kabati, nakisoma mimi kwanza.